Jinsi ya kupiga picha mibuyu iliyopukutika na mandhari tulivu ya Mombasa

Kuanzia Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na mvua zimekatika, mibuyu ya Mombasa husimama mitupu. Jani huoni. Kilichobaki ni shina nene, matawi yaliyojikunja kila upande, na mabuyu machache yakining'inia kwenye vikonyo vyao virefu. Watu hupita chini yake bila kuinua macho, wakingoja masika iirudishie kijani chake. Kwangu mimi hii ndiyo miezi yake mizuri kuliko yote. Mbuyu wenye majani huwezi kuona tawi lilipopinda, wala kovu la tawi lililovunjika zamani. Ukipukutika, vyote viko wazi.

Mwongozo huu unamfaa mwenye simu ya kawaida na mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha. Nimeizungukia mibuyu hii miaka kadhaa sasa, na jambo lililonikaa ni moja: picha ya mti mtupu huamuliwa na kilicho nyuma yake. Mbingu ikiwa safi nyuma ya matawi, nusu ya kazi imekwisha. Kukiwa na nguzo ya stima au bango la simu nyuma yake, hata kamera ya bei ya gari haitakusaidia. Utaona jambo hilo likirudi karibu katika kila hatua.

Hatua ya 1: Chagua mti mmoja, uuzunguke

Usianze kwa kuzurura mji mzima. Chagua mbuyu mmoja unaoweza kuufikia kwa urahisi alfajiri, kisha uurudie mara nyingi.

Kwa mkaazi wa kisiwani, mahali pa kuanzia ni Mama Ngina, kwenye majabali yanayotazama mlango wa bahari wa kuingilia Kilindini. Mibuyu iko mingi hapo, mikubwa kwa midogo. Tangu eneo lile likarabatiwe, na sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zikafanyika hapo, kuna njia za kutembelea, viti na taa. Mtembezi amepata raha, lakini mpiga picha ameongezewa vitu vya kukwepa. Mbaraki pia kuna mibuyu, karibu na ule mnara wa kale. Ukivuka kwenda pwani ya kaskazini, kuanzia Nyali mpaka Mtwapa na mbele hadi Kilifi, utaikuta mashambani, mmoja mmoja, ikiwa imezungukwa na mabua ya mahindi yaliyokauka. Hiyo ya mashambani ndiyo rahisi zaidi kuipiga, kwa sababu mbingu yake haina kitu.

Ukishachagua, uzunguke mti mara mbili kabla ya kutoa kamera kwenye begi. Mzunguko wa kwanza utazame mti wenyewe. Wa pili usiutazame mti hata kidogo. Tazama kilicho nyuma yake tu. Hesabu: waya, nguzo, paa la bati, taa ya barabarani, gari lililoegeshwa. Utagundua kuwa karibu kila mti una sehemu moja au mbili tu ambapo ukisimama vitu hivyo vyote vinajificha nyuma ya shina au vinatoka nje ya picha. Iweke akilini sehemu hiyo. Mimi huchora ramani ndogo kwenye daftari: mti, barabara, bahari, na msalaba pale pa kusimama.

Jaribu pia kuchuchumaa. Ukishuka mpaka kamera ikawa usawa wa goti, kuta na watu walio mbali huzama chini, na matawi hupanda juu ya kila kitu. Mara nyingi hatua mbili kushoto na kuchuchumaa kidogo vimenipa picha niliyokuwa nimeshaikatia tamaa.

Mbuyu si peke yake. Msufi nao hupukutika kiangazi, matawi yake yakitoka shinani kama vipago vya ngazi, na maganda yake yakipasuka utaona sufi imening'inia juu kama vijiwingu. Mkungu ni wa haraka zaidi: majani yake hugeuka mekundu kwanza, kisha huanguka, na katikati kuna siku chache ambazo mti una majani saba au manane tu, yote mekundu. Ukiupita mkungu kila siku njiani, siku hizo hazitakupita.

Hatua ya 2: Fika kabla ya jua

Mombasa iko digrii 4 kusini mwa ikweta. Maana yake kwa mpiga picha ni kwamba jua letu hupanda wima na kushuka wima. Kiza cha alfajiri hakikai. Kutoka weupe wa kwanza unaokuwezesha kuona njia mpaka jua lenyewe kutokeza ni kama dakika 20 tu. Ukichelewa kwa kikombe kimoja cha chai, umekosa.

Mwezi wa Februari jua huchomoza karibu saa 12:30 asubuhi na kuzama karibu saa 12:40 jioni. Mimi huwa chini ya mti saa 12 kasorobo. Wakati huo mbingu ni ya buluu nzito yenye wekundu kwa chini, matawi ni meusi ti, na mji bado umelala. Mpaka saa 1:30 mwanga huwa laini wa dhahabu, ukitokea ubavuni. Saa 2 ikipita, jua limekuwa kali. Funga begi uende kazini.

Adhuhuri nayo usiipuuze kabisa mwezi wa Machi. Karibu na tarehe 10 Machi jua la saa sita hupita juu ya utosi wa Mombasa, na kivuli cha mbuyu huanguka chini yake mwenyewe. Matawi huchora mtandao mweusi ardhini kuzunguka shina. Kwenye mchanga mweupe uliofagiwa, kivuli hicho chaweza kuwa picha nzuri kuliko mti.

Machweo ni mazuri pia, lakini pale Mama Ngina jioni kuna watu wengi, mihogo inakaangwa, watoto wanakimbia. Nawapenda, ila utulivu unaoutafuta utaupata alfajiri.

Hatua ya 3: Tayarisha kamera usiku

Chaji betri, futa nafasi kwenye kadi, pangusa lenzi. Kwenye simu, washa gridi ya mistari ili upeo wa bahari usiinamie upande mmoja, na zima flashi. Kwenye kamera, anza na ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/8, upige faili ghafi (RAW) ikiwa kamera yako inaziruhusu. Stendi ya miguu mitatu inasaidia sana kiza kikiwapo. Usipokuwa nayo, weka simu juu ya ukuta na utumie kipima muda cha sekunde 2, ili kidole chako kisiitikise.

Hatua ya 4: Mti mweusi kwenye mbingu

Hii ndiyo picha ambayo kila mtu anaitaka, na ndiyo inayoharibika zaidi. Sababu ni hii: simu huona mti mweusi, ikadhani kuna kiza, ikaongeza mwanga. Matokeo yake mti hutoka wa kijivu na mbingu nyeupe pe, rangi yote imepotea.

Dawa yake ni kuiambia simu ipime mbingu. Gusa skrini kwenye sehemu ya mbingu yenye mwanga, si kwenye mti. Kwenye simu nyingi itatokea alama ya jua pembeni. Iburute chini mpaka rangi za mbingu zirudi na mti uwe mweusi kabisa. Kwenye kamera, pima mwanga wa mbingu, kisha punguza hatua moja zaidi. Ikiwa simu yako ina HDR inayojiwasha, izime kwa picha hii, maana kazi yake ni kung'arisha giza ambalo wewe unalitaka.

Baada ya hapo, tazama matawi. Yakipishana sana hugeuka donge moja jeusi lisilosomeka. Sogea pole pole, kushoto kisha kulia, huku ukitazama skrini, mpaka uone mwanya wa mbingu kati ya tawi na tawi. Mti hauwezi kujipanga. Wewe ndiye unayeweza kusogea. Jua likishachomoza, lifiche nyuma ya shina au tawi nene, ili mwale wake tu utokeze kando.

Jambo jingine linahusu upepo. Matawi ya mbuyu ni mazito, kaskazi haiyatikisi. Lakini mabuyu yenyewe huyumba kwenye vikonyo vyake. Nilipiga picha nyingi za alfajiri kwa kasi ya nusu sekunde na nikashangaa kila mara kwa nini mti umetoka makini ilhali mabuyu yana ukungu. Siku moja nilisimama nikayatazama kwa macho: yalikuwa yanacheza taratibu, kila moja kwa mwendo wake. Ukitaka yatulie, pandisha ISO hadi 800 na utumie 1/125 ya sekunde au kasi zaidi. Ukitaka mwendo wake uonekane, baki na nusu sekunde.

Hatua ya 5: Sogea karibu na gome

Jua likiwa limepanda kidogo, tuseme saa 12:50, wacha mbingu na uligeukie shina. Simama mahali ambapo jua linatokea bega lako la kulia au la kushoto, si mgongoni. Mwanga wa ubavuni hupita juu ya gome na kuacha kivuli kwenye kila mkunjo.

Mbuyu wangu wa Mama Ngina una sehemu moja upande wa bahari, kimo cha kifua, ninayoijua kama kiganja changu. Gome lake ni la kijivu lenye zambarau kwa ndani, limejikunja kama ngozi ya goti la tembo. Kuna kovu la duara pale tawi lilipokatika, na kingo zake zimevimba kufunga jeraha. Chini ya kovu kuna herufi mbili zilizochongwa kwa kisu zamani. Mti umekua na herufi zimepanuka mpaka hazisomeki tena. Sisimizi hupita ndani ya herufi hizo kila asubuhi. Mwanga unaofaa hudumu kama dakika 15, kisha kila kitu hulainika na kuwa tambarare.

Picha hii usiipige kwa lenzi pana ukiwa umebandika uso shinani, kwa kuwa mistari itapinda. Rudi nyuma hatua tatu, tumia lenzi ya kati au kuza mara 2 kwenye simu. Kaza fokasi kwenye ukingo wa mkunjo, si kwenye shimo lake.

Hatua ya 6: Maji, mikoko na matope

Mandhari tulivu ya Mombasa nusu yake ni maji, na kalenda ya maji si ile ya ukutani. Maji yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kwa kama dakika 50 kila siku. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa karibu saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kwa hiyo ukitaka maji yajae wakati wa macheo, nenda siku ya pili au ya tatu baada ya mwezi mpevu. Ukitaka matope wazi saa hiyo hiyo, ngoja kama wiki moja mbele. Hakikisha kwa jedwali la maji kabla ya kuondoka nyumbani, hasa ikiwa utashuka ufukweni: bamvua huinua maji zaidi ya mita 3, na hurudi haraka.

Kwa mikoko, nenda kwenye hori la Tudor, upande wa Jomvu au Junda. Jifunze kuitofautisha, kwa maana kila mmoja una picha yake. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya kaa. Mchu huchomoza mizizi ya kupumulia kutoka kwenye matope, maelfu, kama penseli zilizochomekwa ardhini. Kati yao utaukuta mti uliokufa, mweupe, bila jani, na mara nyingi huo ndio unaoshika picha nzima. Hori la Mwache lilipoteza mikoko mingi sana baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, mchanga ulioletwa na mafuriko ulipofukia mizizi yake isiweze kupumua. Mti mkavu wa mkoko una habari ya namna hiyo ndani yake, na mimi huupiga kwa heshima ya kaburi.

Somo langu kubwa la mikoko nilipewa na mvuvi. Nilikuwa nimechuchumaa kwenye matope ya Tudor, maji yamepwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wapiga picha matope?"

"Napiga mizizi, mzee."

Akaitazama. "Sasa imekauka, haina kitu. Ngoja maji yaanze kuingia."

Nilingoja. Maji yaliingia kimya, utando mwembamba usiofika hata kifundo cha mguu, na ghafla kila mzizi ukawa na mwenzake chini yake, na mbingu nzima ikalala kati yao. Hali ile ilidumu dakika chache tu kabla upepo haujavuruga uso wa maji. Tangu siku hiyo hupanga safari zangu kwa maji yanayoanza kuingia.

Kiza kikiwapo, weka kamera kwenye stendi na ufungue kwa sekunde 1 au 2. Mawimbi madogo hulainika yakawa kama moshi. Hakikisha miguu ya stendi imezama kwenye ardhi ngumu chini ya tope, la sivyo picha itatoka imetikisika.

Siku isiyo na mbingu nzuri, nenda Haller Park, Bamburi. Machimbo yale ya mawe ya saruji yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na jongoo wakaletwa wale majani yake magumu yaliyoanguka mpaka yakawa udongo. Mvinje haupukutiki wote, lakini majani yake ni membamba kama nywele, hata msitu wake huonekana nusu mtupu. Mawingu mazito ndiyo mwanga wake: hayana kivuli kikali, na mashina hupangana wima mpaka mbali.

Hatua ya 7: Adabu na usalama

Mama Ngina inatazama njia ya meli. Usiielekeze kamera kwenye kivuko cha Likoni, bandari, au meli na vituo vya jeshi, hata kama mbuyu ungependeza na meli nyuma yake. Askari akikuuliza, simama, salimia, mwonyeshe picha zako. Droni isirushwe bila kibali cha mamlaka ya safari za anga, KCAA. Alfajiri nenda na mwenzako, na simu uiweke mfukoni mpaka ufike chini ya mti.

Baadhi ya mibuyu ina wenyewe. Ukikuta vitambaa vyekundu, vyeupe au vyeusi vimefungwa shinani, au chupa za marashi mizizini, mtu amekuja pale na haja yake. Usivisogeze ili picha iwe safi. Tafuta upande mwingine wa mti, au mti mwingine. Kwenye kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambazo baadhi yake ziliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, usiingie bila ruhusa ya wazee. Kaya Kinondo, karibu na Diani, hupokea wageni wakiongozwa na mwenyeji. Utavishwa kaniki, na utaambiwa ni wapi pa kupiga picha na ni wapi si pa kupiga. Fuata hivyo hivyo.

Hatua ya 8: Chumvi na unyevu

Lenzi yangu ya kwanza iliharibiwa na kuvu. Niliiacha ndani ya mfuko wa ngozi, kabatini, masika nzima, na nilipoitoa kulikuwa na nyuzi nyeupe ndani ya kioo kama utando wa buibui. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa. Tangu hapo lenzi zangu zinakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Vikilowa, vianike juani.

Ukirudi kutoka baharini, pangusa kamera kwa kitambaa chenye unyevu kidogo cha maji matamu, kisha kikavu. Chumvi ikikauka juu ya kioo na ukaisugua kavu, inakwaruza. Na kama unalala chumba chenye AC, itoe kamera nje mapema ikiwa bado ndani ya begi, ikae kama nusu saa. Ukiitoa moja kwa moja, lenzi itajaa umande na macheo yatakupita ukiwa unafuta.

Hatua ya 9: Kuchagua na kutunza

Usichague siku ile ile. Ngoja siku mbili tatu, kisha ufungue picha zote na ubakishe tano. Kwa kuhariri, Snapseed kwenye simu inatosha: nyoosha upeo wa bahari, kata kingo zenye uchafu, punguza mwanga wa mbingu kidogo. Usizidishe rangi. Mbingu ya Mombasa saa 12 alfajiri ina rangi za kutosha. Jaribu pia nyeusi na nyeupe, hasa kwa gome na mikoko mikavu.

Kila picha ipe jina la mti, mahali, tarehe na hali ya maji. Usidharau kazi hii. Mwaka 2022 mibuyu ya Kilifi iling'olewa na mizizi yake ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na wengi wetu ndipo tulipojua kuwa mti mkubwa kiasi kile unaweza kuondoka. Picha yenye tarehe huonyesha mti ulikuwapo, umesimama wapi, na ulikuwa na matawi mangapi. Mimi huandika hivi: "Mbuyu wa kovu, Mama Ngina, 14 Februari, maji yamejaa." Kisha nanakili kwenye diski ya pili, na moja kati ya zile tano naichapisha kwenye karatasi, nyuma yake nikiandika maneno hayo hayo kwa kalamu ya risasi, maana wino hupenya upande wa pili.